Mlima Ndiye Kadhi wa Baiskeli

Asubuhi yoyote ya siku ya soko, msafiri apitaye njia itokayo Kayanga kwenda Omurushaka, kisha Nkwenda, mpaka Murongo kwenye mpaka wa Uganda, hatakosa kumwona mtu mwenye baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, au gunia la kahawa lililolazwa juu ya keria na kufungwa kwa mipira, akiisukuma kupanda mlima, mkono mmoja juu ya usukani na wa pili juu ya mzigo, miguu imejikita katika changarawe na jasho likimtiririka. Magurudumu anayo, pedali anazo, mnyororo umetiwa mafuta; hata hivyo anakwenda kwa miguu. Huo si uvivu, wala si udhaifu wa mwili, kwani awezaye kuusukuma uzito ule mpaka kileleni amekwisha kuthibitisha nguvu zake. Sababu imo ndani ya chombo chenyewe, nayo ni sababu ya hesabu. Na mtu akiifahamu hesabu hiyo, amepata ufunguo wa kuchagua baiskeli ya milimani, ile ambayo watu wengi huiita baiskeli ya gia, na ufunguo wa furaha iliyomo katika kuiendesha.

Lakini kabla ya chombo, ardhi. Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja mpaka Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, zimekunjwa kama nguo isiyopigwa pasi. Migongo mirefu ya mwamba mgumu wa kwatsaiti hupishana na mabonde ya mawe laini, na vilele vingi hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mawe haya yalikuwa mchanga na tope zaidi ya miaka milioni 1,000 iliyopita, yakakandamizwa, yakapikwa kwa joto la ardhini na kukunjwa. Kisha mvua za dahari zikayala yaliyo laini na kuyaacha yaliyo magumu yamesimama. Wanajiolojia huuita ukanda wote huu kwa jina la Karagwe na Ankole. Juu ya migongo hiyo zimepita njia za miguu tangu zamani: wasafiri wa Ulaya Speke na Grant walizipita mwaka 1861 walipofika kwa Rumanyika, Mfalme wa Karagwe, na wafanyabiashara wa Kiarabu wenye kituo chao Kafuro walizijua kabla yao. Njia nyembamba za namna hii, ziendazo kwa tumbo na mgongo wa mlima, ndizo haswa ambazo waendesha baiskeli za milimani wa nchi nyingine huzijenga kwa gharama kubwa. Hapa zipo, zimechongwa na nyayo za watu na kwato za ng'ombe.

Sasa tuje kwenye hesabu. Baiskeli ya kawaida ya mizigo ina gurudumu kubwa lenye mzingo wa mita 2.2 hivi, na tuseme gurudumu lake la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma 18. Pedali zikizunguka mara moja, chombo huenda mita 5.4. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 20, bila ya mzigo wowote, akitaka kupanda mwinuko uinukao mita 1 katika kila mita 10, na pedali zake zikizunguka mara moja kwa sekunde, atahitaji wati 450 kuushinda mvuto wa ardhi peke yake. Ukiongeza ukinzani wa udongo, hesabu inapita wati 500, ambazo ni zaidi ya theluthi mbili za nguvu ya farasi mmoja. Mtu mzima mwenye afya, asiye mshindani wa michezo, huweza kutoa wati 150 hivi kwa muda mrefu. Akipunguza kasi ili ajihurumie, taabu haimwachi, bali hubadili sura: kila pedali humdai mkandamizo wa wastani wa kilo 50, na kilele cha mkandamizo huo hupita uzito wa mwili wake mwenyewe. Basi hushuka akasukuma, na kwa kushuka huko anafuata mantiki kamili.

Baiskeli ya milimani huweza kuwa na meno 32 mbele na 50 nyuma. Kwa gia hiyo, mzunguko mmoja wa pedali huipeleka mita moja na nusu tu, na mlima ule ule, kwa mzunguko ule ule wa sekunde moja, hudai wati 150 hivi, ukinzani wa udongo ukiwemo, yaani kadiri ile ile ambayo mwili unayo. Gia haiumbi nguvu wala haiizidishi. Kazi ya kuufikia upeo wa mlima ni ile ile kwa wote. Lifanywalo na gia ni kuigawa kazi hiyo vipande vidogo ambavyo paja la mwanadamu laweza kuvimeza kimoja baada ya kimoja, kama mtu alaye muwa kwa pingili. Hili ndilo jambo la kwanza la kutazama katika baiskeli: hesabu meno ya gurudumu dogo kabisa la mbele na ya kubwa kabisa la nyuma; la nyuma lisipolishinda la mbele kwa meno, au angalau kulingana nalo, chombo hicho si cha vilima hivi, hata kiwe na rangi inayong'aa namna gani.

Chombo hiki hakikuzaliwa zamani. Baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa na mnyororo wa nyuma ilienea baada ya John Kemp Starley kuitoa yake huko Uingereza mwaka 1885, na Dunlop akaleta tairi la upepo mwaka 1888. Lakini ilikuwa miaka ya 1970, huko California, ambapo vijana walianza kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene, na mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu kwa kusudi hilo mahususi. Miongoni mwa mafundi wa mwanzo alikuwa Tom Ritchey, aliyeziunda fremu za kampuni ndogo ya Gary Fisher na Charlie Kelly mwaka 1979. Hapa historia inavuka bahari na kutujia majirani. Mwaka 2005 Ritchey alifika Rwanda, ng'ambo tu ya Mto Kagera ukiwa Kyerwa, akawaona wakulima wakisukuma baiskeli zao kama yule wa njia ya Murongo, naye akabuni baiskeli iliyorefushwa upande wa nyuma, yenye gia, ya kubebea kahawa, kwa kuwa tunda la kahawa likichelewa kati ya mti na kiwanda cha kuoshea hupoteza ubora. Miaka michache baadaye Mnyarwanda Adrien Niyonshuti, mtoto wa vilima hivyo, alishindana katika mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya London ya mwaka 2012, akamaliza wa 39. Vilima alivyojifunzia ni ndugu wa vilima vyetu.

Jambo la pili ni tairi. Upepo uliomo ndani ndio unaobeba uzito, na kanuni yake ni nyepesi: uzito ukigawanywa kwa msukumo wa upepo, jawabu ni eneo la tairi ligusalo ardhi. Gurudumu la nyuma likibeba pauni 110, nalo limejazwa pauni 55 kwa kila inchi ya mraba, litagusa ardhi kwa inchi 2 za mraba. Ukipunguza upepo mpaka pauni 22, litagusa kwa inchi 5. Eneo hilo pana huwezesha mpira kulishika jiwe na kulikumbatia badala ya kulirukia. Tairi jembamba halivumilii upepo mdogo, kwani hubonyea mpaka ringi ikagonga mawe na kuitoboa tyubu. Kwa hiyo yafaa tairi la upana wa inchi 2.2 au zaidi, lenye vijino. Na msimu nao una amri yake. Wakati wa kiangazi, changarawe za migongoni huviringika chini ya gurudumu kama gololi, na mwenye tairi gumu huteleza. Wakati wa masika na vuli, udongo wa mabondeni hunata na kujaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Katika siku za tope kuu, adabu na akili hukubaliana kwamba njia iachwe ipumzike, maana mfereji wa gurudumu leo ni korongo la maji kesho.

Jambo la tatu ni breki, na hapa wahenga wametangulia: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mtu na baiskeli yake, kilo 85, wakiteremka mita 300 kutoka mgongoni hadi bondeni, huachilia nishati inayotosha kuchemsha robo tatu ya lita ya maji baridi, na aendaye polepole huilipa takriban yote kwenye breki kwa sura ya joto. Vijana wale wa California walikuwa na mteremko wao, ambao mashindano yake yalianza mwaka 1976, ukaitwa Repack, jina lenye maana ya kujaza upya, kwa sababu breki za ndani ya kitovu cha gurudumu zilipata moto hata grisi ikageuka moshi, nao wakalazimika kuijaza tena. Breki za raba zibanazo ringi hupoteza mshiko ringi ikilowa. Breki za diski hukaa karibu na kitovu, mbali na tope, na hufanya kazi mvuani kama juani. Mwenye kuzipata katika hali njema azichague bila ya kusita.

Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Na iwe hivyo kwa jembe. Lakini katika soko la mtumba, ambako wengi wetu hununua, asiyechagua hujichagulia hasara. Ifae kwanza saizi: simama umeipanda fremu katikati, nyayo zote chini, na kuwe na nafasi ya vidole kadhaa kati ya bomba la juu na mwili wako. Shika breki ya mbele na uisukume baiskeli. Ukisikia mgongano kwenye shingo, gololi zimelegea. Zungusha gurudumu utazame kama ringi inayumba. Ikiwa ina shokapu mbele, ikandamize: na irudi kwa utulivu, isiruke kama kipande cha mpira, kwani kazi yake ni kuzima mtikisiko, siyo kuurudisha. Shokapu ya nyuma si ya lazima hapa, tena huongeza uzito na viungo vinavyodai fundi. Mwisho uliza habari ya vipuri. Gurudumu la inchi 29 hupita juu ya mawe kwa urahisi kuliko la inchi 26, lakini tairi la 26 aghalabu ndilo linalopatikana kwa fundi wa senta. Na baiskeli iliyo bora kabisa lakini imelala ukutani kwa kukosa tairi hushindwa na iliyo ya wastani ambayo inatembea.

Kuhusu kuiendesha, mwili wenyewe ndio shokapu ya kwanza. Mteremkoni inuka kwenye tandiko, weka pedali usawa mmoja, peleka makalio nyuma, legeza viwiko na magoti, na macho yatangulie mbele. Ukilikodolea macho jiwe, utalipanda. Mwinukoni kaa, inamisha kifua, na uzungushe kwa wepesi usiobadilika. Ukikutana na mama mwenye mzigo kichwani, shuka wewe umpishe, na umsalimu. Ukikutana na ng'ombe wenye pembe ndefu, simama mpaka mchunga apite. Na usiingie katika hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizofanywa hifadhi za taifa mwaka 2019, ila kwa ruhusa ya wenye kuzilinda.

Furaha ya kuendesha baiskeli ni ya mwili, nayo inafanana na kusoma. Aendaye kwa gari huiona Karagwe. Aendaye kwa baiskeli huijua kwa mapaja yake: hujua wapi kwatsaiti inaishia na udongo mwekundu unaanza, kwa kuwa sauti ya tairi imebadilika. Hujua ubaridi unaolala bondeni alfajiri, na harufu ya kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka. Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, mwombe muuzaji akuache uipeleke baiskeli hiyo kwenye mwinuko mbaya kuliko yote ulio karibu. Tia gia nyepesi, kaa, panda. Ukifika juu hujashuka, na pumzi yako ingali inatosha kumsalimu yule mwenye mikungu ya ndizi uliyempita njiani, kadhi amekwisha kutoa hukumu. Kisha egesha baiskeli yako, urudi chini kwa miguu, umsaidie kusukuma. Na mkiwa njiani mwonyeshe yale meno 50 ya nyuma, umweleze hesabu yake, maana yeye ndiye mwenye haja nayo zaidi kuliko sisi sote.