Seoul ilivyorudisha mto wake mjini: Somo kwa wachuuzi na wakulima wa Msimbazi

UKIFIKA katikati ya jiji la Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, mchana wa mwezi Juni, joto la lami na moshi wa magari linakufanya utafute kivuli haraka. Mwenyeji wetu alituonyesha ngazi zinazoshuka kando ya barabara, na tulipozishuka tukajikuta kwenye ubaridi, maji safi yakitiririka juu ya mawe na watu wakiwa wameketi ukingoni miguu yao ikiwa majini. Hakuna kiingilio. Mahali hapo panaitwa Cheonggyecheon, bustani nyembamba inayofuata kijito kwa karibu kilometa sita katikati ya maduka, benki na masoko.

Nilikuwa Seoul kwa mafunzo mafupi ya masoko ya mazao, na matembezi hayo yalipangwa kuwa mapumziko tu. Lakini mchumi hapumziki vizuri mahali penye kitu kizuri kinachotolewa bure, kwa sababu anajua lazima yuko mtu aliyelipa. Niliporudi Dar es Salaam nilimwonyesha picha mama mdogo wangu, ambaye kwa miaka mingi amelima mchicha na matembele katika bonde la Msimbazi. Alizitazama kimya, kisha akauliza: "Na waliokuwa wanafanya biashara hapo wako wapi?" Makala haya yanajaribu kumjibu.

Mto uliofunikwa kwa saruji

Kijito hiki kina historia ndefu. Seoul ilifanywa mji mkuu wa ufalme wa Joseon mwaka 1394, na maji yote machafu ya mji yaliishia hapo. Wafalme walilazimika kuuchimba mto mara kwa mara ili usifurike, na kazi kubwa zaidi ya kuuzibua ilifanyika mwaka 1760. Baada ya vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, wakimbizi maskini walijenga vibanda vya mbao kando yake, na mto ukawa jalala na choo.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuuficha. Kuanzia mwaka 1958 mto ulifunikwa kwa zege kipande kwa kipande na kuwa barabara, na baadaye barabara nyingine ikajengwa juu ya nguzo. Kandokando yake zilisongamana karakana, maduka ya vipuri na zana, na viwanda vidogo vya nguo. Mmoja wa mafundi wa nguo wa hapo, Jeon Tae-il, kijana wa miaka 22, alijichoma moto Novemba 1970 akipinga mazingira mabaya ya kazi. Leo sanamu yake imesimama juu ya daraja mojawapo la kijito hicho.

Kufikia mwaka 2000 barabara ile ya juu ilikuwa imechakaa na matengenezo yake yalihitaji fedha nyingi. Lee Myung-bak, aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya ujenzi, aligombea umeya mwaka 2002 kwa ahadi ya kuibomoa na kuurudisha mto. Alishinda. Ubomoaji ulianza Julai 1, 2003, na bustani ikafunguliwa Oktoba 1, 2005. Baadaye alikuwa rais wa nchi hiyo kuanzia mwaka 2008 hadi 2013.

Wengi waliogopa msongamano, kwani barabara hizo zilipitisha zaidi ya magari 160,000 kwa siku. Mwaka 2004 jiji lilipanga upya mabasi yake yote na kuyapa njia zake, na watu wengi wakaacha magari nyumbani.

Faida ilikwenda wapi?

Takwimu za bustani hii zinavutia. Vipimo vilionyesha kuwa kando ya maji kuna joto pungufu kwa nyuzi tatu hadi karibu sita kuliko kwenye barabara kubwa ya jirani. Aina za samaki ziliongezeka kutoka 4 hadi 25. Wastani wa watu 64,000 hutembelea kila siku. Mkondo umejengwa kuhimili mafuriko makubwa ya aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 200, na mvua kubwa ikinyesha njia za chini hufungwa na watu kutakiwa kupanda juu.

Kwa mfanyabiashara, watu 64,000 ni wateja. Hatua chache kutoka kwenye maji kuna soko la Gwangjang, lililoanzishwa mwaka 1905, ambako akina mama huuza chakula kwenye mabenchi marefu. Chakula kinachouzika zaidi ni mkate wa kukaanga unaotengenezwa kwa choroko. Ndiyo, choroko hizi hizi tunazozilima sisi. Zinalowekwa, zinasagwa kwa jiwe la mashine mbele ya mteja, rojo inachanganywa na mboga na kumiminwa kwenye mafuta. Nilikaa pale nusu saa na benchi halikuwa wazi hata dakika moja. Msomaji unayeuza choroko kwa gunia uone hapo thamani inaongezewa wapi: mama yule anamuuzia mlaji moja kwa moja, na mlaji ameletwa hadi mlangoni na bustani.

Lakini ongezeko la wateja lina ndugu yake, nalo ni ongezeko la bei ya ardhi. Utafiti uliofanyika baada ya bustani kufunguliwa ulionyesha kuwa ardhi iliyo ndani ya mita 50 kutoka kwenye mto ilipanda bei kwa asilimia 30 hadi 50. Hapa ndipo mwenye nyumba na mpangaji wanapoachana njia. Mwenye nyumba anaamka asubuhi akiwa tajiri zaidi bila kuuza kitu. Mpangaji anayeuza misumari na bisibisi hupata barua ya kodi mpya ya pango, na watu wanaopita kutazama maji hawanunui misumari. Fundi aliyekuwa na faida kwa sababu eneo lilikuwa chafu na la bei nafuu, hana nafasi tena eneo likiwa safi na ghali.

Wachuuzi waliohama mara mbili

Jiji halikuwapuuza wafanyabiashara. Lilifanya nao mikutano zaidi ya 4,000 kabla na wakati wa ujenzi. Fidia ya fedha haikutolewa, kwa kuwa barabara ilikuwa mali ya umma na hakuna aliyenyang'anywa kiwanja. Badala yake wenye maduka waliahidiwa jengo jipya la biashara lililopewa jina la Garden Five, kusini mashariki mwa jiji. Lilipofunguliwa mwaka 2010, gharama ya kupata chumba ilikuwa juu kuliko wengi walivyotarajia, tena ni mbali na wateja wao wa zamani. Walio wengi hawakuhamia.

Wachuuzi wa barabarani, wale ambao kwetu tungewaita wamachinga, walikuwa na hali ngumu zaidi kwa sababu hawakuwa na leseni wala mkataba wa pango. Walipambana, wakajipanga, na mwanzoni mwa mwaka 2004 mamia yao wakapewa uwanja wa zamani wa mpira wa Dongdaemun wauzie humo. Soko likachangamka. Halafu jiji likaamua kuuvunja uwanja huo ili kujenga jumba kubwa la maonyesho, ambalo lilifunguliwa mwaka 2014. Wachuuzi wakahamishwa tena, na Aprili 2008 wakapewa soko la mitumba na vitu vya kale katika eneo la Sinseol-dong.

Nilikwenda kulitazama soko hilo siku iliyofuata. Ni safi, lina paa, vyoo na namba kwenye kila kizimba. Mzee mmoja auzaye saa kuukuu alituambia kupitia kwa mkalimani kwamba mahali pake pa sasa hapavuji mvua, lakini kila alipohamishwa ilimchukua miaka kuwapata tena wateja. Kizimba alipewa, wateja hakupewa. Kwenye daftari la hasara za mradi, sijui kama kuna mstari wa hesabu hiyo.

Jambo jingine la kuangalia ni gharama za uendeshaji. Ujenzi uligharimu zaidi ya won bilioni 380, lakini malipo hayakuishia hapo. Maji unayoyaona yakitiririka yenye kina cha kama sentimeta 40 si ya chemchemi. Kiasi cha tani 120,000 kwa siku huvutwa kwa pampu, mengi kutoka mto Han na mengine kutoka chini ya ardhi kwenye vituo vya treni. Pampu zikizimwa, mto unakauka. Jiji linalotaka bustani ya aina hii lijiulize kwanza kama bili ya umeme ya mwaka wa ishirini inalipika.

Msimbazi tujipange vipi?

Kwa nini nayaeleza haya kwa msomaji wa Tanzania? Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, wilayani Kisarawe, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu na kuwahamishia wengine Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na sehemu ya mpango ni kuinua ardhi, kujenga daraja jipya la Jangwani na kuwa na bustani ya mji.

Binafsi naunga mkono. Bonde lile linaua watu, na wataalamu wameonya kwa muda mrefu juu ya mboga zinazomwagiliwa maji yenye taka za viwandani. Mama mdogo mwenyewe anakiri hawezi kuyanywa maji anayomwagilia. Lakini mboga hizo ndizo zilizolipa ada za watoto wake, na kitoweo cha mamia ya familia kinatoka kwenye matuta kama yake. Bustani nzuri isiyowaachia nafasi watu hao itakuwa imehamisha umaskini kutoka bondeni kwenda pengine.

Kuna mambo matatu ambayo mkulima na mchuuzi anaweza kuyafanya bila kusubiri mtu.

La kwanza ni daftari. Kanuni za mwaka 2001 za ukadiriaji wa fidia ya ardhi ziliweka, pamoja na mambo mengine, fidia ya faida inayopotea kwa biashara iliyokuwa ikiendeshwa kwenye ardhi inayotwaliwa: faida halisi ya mwezi, ikithibitishwa kwa hesabu, inazidishwa kwa miezi 36. Tuchukue mfano wa mtu anayebakiwa na sh150,000 kwa mwezi. Mara 36 ni sh5,400,000. Mwenye hesabu zake mkononi ana hoja ya kujadili. Asiye na karatasi, hata kama alikuwa akipata mara mbili ya hizo, anaingia kwenye mazungumzo mikono mitupu.

La pili ni kikundi kilichosajiliwa. Wachuuzi wa Seoul hawakuwa na leseni, lakini walikuwa na umoja, na ni umoja uliowapatia uwanja. Anayelima eneo ambalo kisheria si lake ana hoja dhaifu akisimama peke yake. Kikundi chenye katiba, akaunti ya benki na orodha ya wanachama kinaweza kuomba kazi ndani ya bustani yenyewe, kwa mfano vitalu vya miche na maua, matunzo ya miti, au vizimba vya chakula.

La tatu ni kudai maandishi. Wachuuzi wa Dongdaemun walihamia uwanjani bila uhakika wa kukaa humo muda gani. Ukipewa eneo jipya, uliza ni kwa miaka mingapi, kodi yake itapandaje, na kituo cha daladala kiko umbali gani. Soko lisilofikika ni ghala tu.

Karibu na mwisho wa bustani ya Cheonggyecheon wameacha nguzo tatu za barabara ile ya zamani zikiwa zimesimama majini, ili watu wakumbuke palivyokuwa. Nilimweleza mama mdogo habari za nguzo hizo. Akasema zege halina njaa, linaweza kusubiri miaka hata hamsini. Kisha akaniomba nimnunulie daftari la kurasa mia mbili, na kalamu mbili.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo.