Kidimbwi kipya kisiwe kaburi la samaki

Miongoni mwa mambo yapendwayo na watu wajengao nyumba zao siku hizi, hasa Nairobi na viungani mwake, ni kuchimba kidimbwi cha saruji mbele ya nyumba na kutia humo samaki wa dhahabu. Ni pambo zuri, na watoto hulifurahia sana. Lakini nimezuru nyumba nyingi za namna hiyo, na aghalabu nimesimuliwa kisa kilekile: samaki walitiwa Jumamosi, na kabla ya Jumamosi ya pili walikuwa wakielea tumbo juu.

Hapo ndipo lawama huanza. Wako wasemao ni kijicho cha majirani, na wako wasemao muuzaji aliwapa samaki wagonjwa. Katika nyumba moja lawama zilimwangukia kijana mtunza bustani. Mwenye nyumba alishikilia kuwa kijana huyo ametia dawa ya wadudu majini, na alikuwa amekwisha kumwambia afungashe virago mwisho wa mwezi. Nilimwomba mzee huyo anipe siku moja tu. Nikarudi na karatasi za kupimia maji, zile zinazogeuka rangi. Zilionyesha chokaa kali na amonia nyingi, na mojawapo ingetosha kuwamaliza samaki. Kidimbwi kilikuwa na umri wa siku kumi na mbili. Kijana yuko kazini mpaka leo.

Basi, msomaji, kabla hujamshuku mtu, yafahamu maji yako.

WATOKAKO

Samaki wa dhahabu ni jamaa wa samaki wa rangi ya kijivu aliyefugwa na Wachina kwa chakula. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wafugaji waliwaona wachache waliozaliwa wekundu au wa manjano, wakawatenga na kuwazalisha. Baadaye walipelekwa Japani, na katika karne ya 17 wakafika Ulaya. Si samaki dhaifu. Huko Uingereza mmoja aliyeitwa Tish alishindwa kama zawadi ya tamasha mwaka 1956, akaishi mpaka mwaka 1999, yaani miaka 43. Anayekufa kwa wiki moja ameuawa na kitu.

CHOKAA NA KLORINI

Adui wa kwanza ni saruji yenyewe. Saruji mbichi hutoa chokaa ndani ya maji, na chokaa hiyo huchoma mashavu ambayo samaki huvutia pumzi. Dawa yake ni kujaza kidimbwi, kukiacha wiki nzima, kukimwaga, na kurudia hivyo mara tatu au zaidi, mpaka karatasi za kupimia zikubali. Kwa kuwa maji ya mfereji ni ya mgao katika mitaa mingi, ni nafuu kupaka kuta rangi ya kuziba saruji, au kutandika karatasi nzito ya plastiki.

Adui wa pili ni klorini. Dawa hiyo hutiwa katika maji ya mfereji ili sisi tusiugue, lakini samaki hawaistahimili. Maji yakikaa wazi siku mbili, klorini ya kawaida huruka. Ipo aina nyingine iliyochanganywa na amonia isiyoruka upesi hivyo, kwa hiyo ni salama zaidi kutumia dawa ya kuiondoa, inayouzwa katika maduka ya samaki.

SUMU ISIYOONEKANA

Adui wa tatu ndiye mkubwa, kwani maji huwa meupe kama ya kunywa. Samaki hutoa amonia kwa kinyesi na kwa mashavu yao. Katika kidimbwi kikongwe viko vijidudu vinavyoigeuza amonia kuwa nitriti, na vingine vinavyoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Katika kidimbwi kipya vijidudu hivyo havijazaana. Huchukua wiki nne mpaka nane. Nitriti nayo ni sumu: huigeuza damu ya samaki kuwa ya hudhurungi, isiweze kubeba hewa.

Kwa hiyo usitie samaki ishirini kwa siku moja. Kidimbwi cha urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 75 hubeba lita 4,500. Humo anza na samaki wawili au watatu. Walishe kidogo mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili, maana chakula kinachobaki huoza na kuwa amonia. Vipimo vikipanda, acha kulisha na ubadilishe robo ya maji. Usiyamwage yote, wala usisugue kuta, kwa maana utawatupa wale vijidudu waliokuwa wakikufanyia kazi. Maji yakigeuka kijani usiogope. Panda yungiyungi lifunike nusu ya kidimbwi, na kijani kitapungua.

Jambo jingine ni hewa. Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700, na maji yake hushika hewa kidogo kuliko ya Mombasa. Usiku mimea nayo huvuta hewa hiyohiyo, kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri. Ukiwaona samaki wakitweta juu ya maji wakati huo, weka pampu ndogo ya kurusha maji.

JIRANI NA MTO

Samaki wakistawi watakula viluwiluwi vya mbu, na hiyo ni faida kwa mtaa mzima. Mdiria na fundichuma watakuja kuwinda, basi tandaza wavu. Wavu usikufanye usahau watoto: maji ya sentimita chache humzamisha mtoto, kwa hiyo weka ua.

Mwisho, ukichoka nao usiwatupe mtoni. Gugumaji lililozagaa katika Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kama ua la kupamba vidimbwi. Wape majirani wanaotaka kuwafuga.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Miezi miwili ya subira mwanzoni yaweza kukupa samaki watakaowaona wajukuu wako.