UZI: Homa ya ndege iliingiaje kwa ng'ombe, na siasa inatoka wapi?

1/ Homa ya ndege ikitajwa kwenye mdahalo, mmoja atasema "hiyo ni ya kuku tu", mwingine atasema tunaangamia sote. Sitaji mwanasiasa wala chama. Naeleza jambo lenyewe ndio ukisikia hoja uweze kuipima. Twende.

2/ Kirusi huhitaji mlango wa kuingia kwenye seli. Milango inayofaa H5N1 imejaa matumboni na kwenye njia ya hewa ya ndege. Sisi, puani na kooni tuna zaidi ya aina nyingine. Ile ya ndege iko chini kabisa mapafuni. Kwa hivyo hakituingii kirahisi, lakini kikifika huko chini kinaweza kuleta nimonia mbaya.

3/ Sasa ng'ombe. Machi 2024 Marekani ilithibitisha H5N1 kwa ng'ombe wa maziwa, Texas na Kansas. Watu wakashangaa. Kumbe kiwele kimejaa milango ileile ya ndege! Maziwa yakapungua, yakawa mazito ya manjano, virusi tele ndani.

4/ Kilisambaa hasa kwa kukamua: mashine ikitoka kwa mgonjwa inaenda kwa mzima. Pia ng'ombe walisafirishwa jimbo hadi jimbo. Paka waliokunywa maziwa mabichi shambani wakaugua, wengi wakafa.

5/ Mbona tujali? Kila mnyama anayenyonyesha akiambukizwa, kirusi kinapata nafasi ya kujifunza miili kama yetu. Mwaka 2023 huko Península Valdés, Argentina, maelfu ya watoto wa sili-tembo walikufa.

6/ Hapa ndipo siasa inaingia. Kuku wakiambukizwa, kundi zima huuawa na mfugaji hufidiwa. Ng'ombe wengi hupona, lakini maziwa yanapotea. Hasara ni ya nani? Ukimlazimisha mfugaji kupima bila fidia, si ataficha tu? Marekani iliamuru upimaji kabla ya kuvusha ng'ombe wanaokamuliwa kwenda jimbo lingine, na baadaye ikaanza kulipia sehemu ya maziwa yaliyopotea.

7/ Wengi walioambukizwa huko ni wafanyakazi wa mashamba ya ng'ombe na kuku, wengi dalili ikiwa macho mekundu. Sasa kibarua akipimwa, aambiwe akae nyumbani, nani atamlipa? Hilo si swali la daktari. Ni la sheria ya kazi.

8/ Halafu kuna hoja ya "uhuru wangu wa kunywa maziwa mabichi". Joto huua kirusi hiki, hiyo haina mjadala. Hapa Kenya maziwa mengi bado huuzwa mabichi, na tumezoea kuyachemsha. Tuendelee hivyohivyo.

9/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani kuzungumzia homa ya ndege, mimi humsikilizia mambo matatu: nani atapima, nani atafidia, na nani atamlinda anayekamua. Akiyaruka yote matatu, amepiga siasa tu. Muulize tena.