Kihisi cha moshi kikibisha hodi, nani yuko macho ndani ya kompyuta?

Usiku wa Septemba 5, 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri. Watoto 21 walifariki. Bweni hilo lilikuwa la zaidi ya watoto 150, na moto ulizuka saa ambazo mtoto wa shule ya msingi huwa amelala fofofo.

Hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya mlango unaofunguka na dirisha lisilo na vyuma. Wala kengele ya kujiundia si mbadala wa ile iliyoidhinishwa. Lakini ukiwa kijana unayesomea kompyuta na unataka kuunda kengele ya moshi, wazo ni poa, na vifaa viko karibu. Kihisi cha MQ-2 na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi utavipata madukani Luthuli Avenue, Nairobi. Hapa Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wameitumia Raspberry Pi kupiga picha za wanyama katika hifadhi ya chuo. Kazi ngumu iko kwenye programu.

Programu inaweza kuuliza kila mara, “Kuna moshi? Kuna moshi?” Ikipumzika sekunde kumi kati ya maswali, hizo ni sekunde kumi za moto. Afadhali intarapti: kihisi chenyewe kinabisha hodi, na kichakataji kinaacha kilichokuwa kikifanya.

Hodi hiyo hupokewa na keneli, kiini cha mfumo. Draiva ikikaa ndani ya keneli hupata habari papo hapo, ila kosa dogo linaweza kuangusha mashine nzima. Ndiyo maana wengine huiweka nje, kama programu ya kawaida. Ikianguka, inawashwa tena na mengine yanaendelea. Shida ni kwamba intarapti haimfikii aliye nje moja kwa moja. Keneli ni kama soja wa langoni: lazima apokee hodi, kisha aende kumwamsha mwenye nyumba.

Linux ina njia rasmi ya kazi hii, UIO, tangu 2007. Draiva husoma faili kama /dev/uio0 na kulala hapo hapo. Hodi ikija, kipande kidogo ndani ya keneli huifunga laini ya intarapti, huongeza hesabu, kisha huiamsha draiva. Yenyewe hushughulikia kifaa, halafu huandika 1 kwenye faili ile ile ili laini ifunguliwe. Kwa nini kufunga? Kuna vifaa vinavyoshikilia laini mpaka vihudumiwe. Bila kufunga, soja ataitwa langoni bila kikomo na hatapata nafasi ya kumwamsha yeyote.

Kwa pini za Raspberry Pi, hutahitaji UIO. Keneli hutoa faili ya /dev/gpiochip0. Programu huomba kuarifiwa pini ikibadilika, kisha husubiri. (Tahadhari: pini hizo ni za volti 3.3, na MQ-2 hutumia 5. Punguza volti kabla ya kuunganisha, la sivyo utaichoma bodi.)

Sasa mtego unaonitia hofu zaidi. Stima imepotea, imerudi, na mashine inawaka wakati moshi tayari umejaa chumbani. Pini imeshabadilika kabla programu haijaamka. Hakuna badiliko jipya, kwa hivyo hakuna hodi, na kengele inakaa kimya katikati ya moshi. Dawa ni mstari mmoja: ukishaomba kuarifiwa, soma hali ya pini papo hapo. Fuata mpangilio huo. Ukisoma kwanza ndipo uombe, badiliko linaweza kupita katikati.

Na je, programu ikikwama? Keneli itaendelea kupokea hodi, lakini mwenye nyumba haamki. Raspberry Pi ina saa ya ulinzi ndani yake: programu isipoigusa kwa muda uliowekwa, mashine inawashwa upya. Iguse ndani ya kitanzi kile kile kinachosubiri moshi, usiiwekee uzi wake peke yake. Uzi huo unaweza kuendelea kuigusa huku sehemu inayosubiri moshi imekwama kitambo.

Ukimaliza, ijaribu kwa ukatili. Chomoa stima, tia moshi, rudisha stima, kisha hesabu sekunde mpaka ilie.