Mzazi akianza kusahau, usikimbilie kipimo cha maabara ya utafiti

Miezi mitano iliyopita, mama mmoja wa umri wa miaka 71 aliletwa kwangu hapa Machakos na mwanawe. Alikuwa amepotea mara mbili akitoka sokoni, kwenye njia aliyoizoea tangu usichana wake. Kijana huyo alikuwa na karatasi yenye picha ya kichupa kinachouzwa ng'ambo.

"Daktari, hii hutambua protini ya ubongo. Tuagizie, tumpime mama," akaniambia.

Huenda nawe msomaji umesikia habari za vichupa hivyo. Ni vyema ujue kazi yake kabla hujatoa pesa zako.

Kilichomo ndani ni kingamwili. Mwili wako huunda kingamwili unapovamiwa na viini vya maradhi, na kila aina hulenga adui wake. Wataalamu hutumia tabia hiyo. Humdunga sungura au panya kipande cha protini ya binadamu, na mwili wa mnyama huyo huunda kingamwili za kuinasa. Mwaka wa 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walionyesha jinsi ya kuzalisha kwa wingi kingamwili za aina moja. Walipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1984.

Protini ya ubongo inayotafutwa sana ni tau. Kazi yake ni kuimarisha vijirija vilivyo ndani ya seli za ubongo, kama mataruma yanavyoshikilia reli. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao humfanya mtu apoteze kumbukumbu, tau hujisokota na kufanya mafundo. Kingamwili iliyotiwa rangi hunata kwenye mafundo hayo, na mtafiti huyaona kwa hadubini.

Basi mbona sikuagiza? Kichupa cha aina hiyo huandikwa kuwa ni cha utafiti pekee. Maana yake ni kwamba hakijathibitishwa kuwa kinafaa kumpima mgonjwa. Kinaweza kunasa kitu kingine kisichotafutwa, na hakina kiwango kilichokubaliwa cha kutenga mgonjwa na mzima.

Ni kweli kwamba mnamo Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, nacho hutumia kingamwili. Lakini ni cha watu wazima walio na dalili tayari, na majibu yake husomwa pamoja na uchunguzi mwingine. Ugonjwa wa figo, kwa mfano, unaweza kupandisha kiwango cha tau katika damu.

Turudi kwa yule mama. Ana kisukari, na amemeza metformini kwa zaidi ya miaka 10. Dawa hiyo ni nzuri, ila ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 ambayo ubongo huihitaji. Tulipopima damu, vitamini hiyo ilikuwa chini mno. Alidungwa sindano za kuirudisha. Siku hizi huenda sokoni na kurudi peke yake, ingawa bado huchanganya majina ya wajukuu.

Si wote hupata nafuu kama yeye. Alzheimer haina tiba ya kuiponya. Lakini mzazi wako akianza kusahau, usiseme ni uzee tu, wala usiseme amerogwa. Mpeleke hospitalini na ubebe dawa zote anazotumia. Omba apimwe sukari, shinikizo la damu, tezi ya shingoni, vitamini B12, kaswende na virusi vya Ukimwi. Mweleze daktari kama aliwahi kuanguka akagonga kichwa, kama hunywa pombe, au kama amekuwa na huzuni isiyokwisha. Mambo haya yote huweza kuvuruga kumbukumbu, na mengi yake hutibika yakigunduliwa mapema.

Kichupa kile kingemla kijana pesa zake, na mama angeendelea kupotea njia.