Kupeleleza Kasoro za Breki na Usukani katika Motokaa ya Ford Model T

Motokaa ya Ford Model T iliundwa Marekani tangu mwaka 1908 hata 1927, na idadi yake ilipita milioni 15. Breki zake zilikuwa mbali sana na zile za magari yaliyofuata. Kwa hiyo fundi asiyejua mpango wake huweza kutengeneza kitu kizima na kuliacha bovu lilipo.

Pedali ya kulia haikushika magurudumu yenyewe. Ilikaza mkanda uliozunguka ngoma ndani ya sanduku la gia, kisha nguvu ikapita katika shafti ndefu na gia za nyuma, ndipo ikafika kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Magurudumu ya mbele hayakuwa na breki kamwe. Breki ya mkono nayo ilikuwa na njia yake: ilitanua viatu vya chuma ndani ya ngoma za magurudumu ya nyuma. Kasoro hutambulikana kwa kulinganisha njia hizo mbili.

Ikiwa pedali yashuka hata sakafuni pasipo kushika, aghalabu kitambaa cha mkanda kimelika au nati yake imelegea. Lakini ikiwa pedali ni ngumu chini ya mguu, na gari bado lateremka mlima, mkanda hauna kosa. Umeshika ngoma barabara, bali njia ya kwendea magurudumuni imekatika. Kisa kinachojulikana sana ni cha pete za babiti, yaani madini laini, zilizozuia gia kubwa ya nyuma isisogee. Pete hizo zikimomonyoka, gia husogea na meno huachana. Hapo hata injini haiwezi kulizuia gari. Iliyobaki ni breki ya mkono peke yake.

Usukani, ambao jina lake limetoka katika vyombo vya baharini, hutaka upelelezi wa namna hiyo hiyo. Mtu mmoja huutikisa kidogo, na mwenziwe hufuatisha kwa macho tangu gia zilizo chini yake hata viungo vya fito na magurudumu. Pale ambapo kitu kimoja chatikisika na kinachofuata chatulia, ndipo penye ulegevu. Kisha gurudumu la mbele huinuliwa kwa jeki na kusukwasukwa juu na chini. Likitikisika peke yake, beringi imelegea. Likitikisika pamoja na kiungo kinachobeba ekseli yake, bushi ya pini imelika. Vyote vikiwa imara na gari bado latangatanga, yafaa kutazama mhimili wa mbele, ambao upande wake wa juu hupaswa kulalia nyuma kidogo ili magurudumu yajinyoshe yenyewe. Mhimili uliopindika hupoteza mlalo huo.

Basi mguu na mkono hutoa habari ya kuwapo kwa kosa tu. Mahali pake hupatikana kwa kuifuata njia ya nguvu hatua kwa hatua. Fundi abadilishaye mkanda pasipo kuuliza kwanza kama pedali ilikuwa ngumu, hulirudisha barabarani gari lenye hatari ile ile.