Majina ya Miamba katika Nchi ya Wanavajo

Msafiri afikapo nchi ngeni huuliza kwanza majina: mlima ule waitwaje, na mwamba huu je? Akiisha kujibiwa, huandika neno kitabuni mwake kadiri sikio lake lilivyolipokea, akaenda zake. Asiposikia vizuri, au asipopenda kuuliza, hulipa jambo jina lake mwenyewe. Hivyo ramani nyingi za ulimwengu zina majina ya namna mbili, ya mwenyeji na ya mpita njia. Katika makala hii twataka kuonyesha tofauti ya majina hayo kwa mfano mmoja, yaani nchi ya Wanavajo huko Marekani, na jinsi tofauti hiyo ilivyogusa maisha ya watu wengi.

1. Nchi yenyewe

Nchi hiyo iko kusini-magharibi mwa Marekani, karibu na mahali yanapokutana majimbo manne: Arizona, New Mexico, Utah na Colorado. Ni nyanda za juu, na sehemu zake nyingi zapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ni jangwa, walakini si jangwa la joto peke yake. Wakati wa baridi theluji huanguka, na maji huganda. Mvua ni haba, na penye mabonde ya chini hazifiki milimita 250 kwa mwaka. Kwa kuwa miti ni michache, hakuna kitu kizuiacho macho, na mwamba mmoja uliosimama peke yake huonekana toka mbali sana. Kwa hiyo miamba ndiyo alama za njia.

Wenyeji wajulikana kwa watu wa nje kwa jina la Wanavajo, lakini wao wenyewe hujiita Diné, maana yake "watu", kama vile neno la asili ya lugha zetu za Kibantu lilivyo "watu" tu. Hulima mahindi na kufuga kondoo, na wanawake wao wana sifa kubwa kwa kufuma mablanketi ya sufu.

2. Mwamba wenye mabawa

Upande wa kaskazini-magharibi wa New Mexico uko mwamba mweusi uliochongoka, wenye kimo cha mita 480 hivi juu ya uwanda. Wazungu waliopita huko mwaka 1860 waliuita Sindano; baadaye ukaitwa Shiprock, yaani mwamba wa merikebu, kwa kuwa waliuona kama merikebu yenye matanga. Wenyeji huuita Tsé Bitʼaʼí.

Na tulitazame neno hili. Tsé ni jiwe. Silabi bi- ni "yake", na -tʼaʼ ni bawa. Katika lugha hii viungo vya mwili, na jamaa za mtu vilevile, havitajwi bila mwenyewe: huwezi kusema "mama" wala "bawa" tu, sharti useme mama yangu, shimá, au mama yake, bimá. Hata asipojulikana mwenyewe, husemwa ni bawa la kitu fulani. Basi, jina hili halisemi kwamba jiwe lafanana na bawa. Lasema kwamba jiwe lina mabawa, na mabawa hayo ni yake.

Wataalamu wa mawe wasimulia asili yake hivi. Yapata miaka milioni 27 iliyopita mawe yaliyoyeyuka yalipanda toka chini ya nchi, yakapasuka kwa nguvu, yakapoa katika koo la volkano, chini sana ya uso wa nchi wa siku zile. Tabaka laini zilizolizunguka koo zikaliwa na mvua na upepo, nalo gumu likabaki. Toka mwambani zatoka kuta nyembamba ndefu za mawe meusi, zikienea uwandani huku na huku. Mtu akiziona kuta hizo hastaajabii habari ya mabawa.

Wazee nao wasimulia kwamba juu yake walikaa ndege wawili wakubwa waliokuwa wakila watu. Shujaa aliyewaua madubwana ya zamani alipanda, akawaua. Lakini makinda yao hakuyaua, bali aliyageuza, moja likawa tai na la pili bundi, ili wawafae watu. Hadithi za namna hii nyingi hazisimuliwi ila wakati wa baridi, nyoka wakiwa wamelala na ngurumo zikiwa kimya. Mgeni aulizaye wakati wa joto hupewa jibu fupi, naye huandika kwamba wenyeji hawajui kitu. Kumbe wajua, ila wakati wa kusema haujafika.

Mwaka 1939 wageni waliupanda mwamba huo mpaka kileleni kwa mara ya kwanza kujulikana. Baadaye, mwaka 1970, serikali ya Wanavajo ilikataza kuupanda, kwa kuwa kwao ni mahali patakatifu.

3. Korongo la mwambani

Katika Arizona liko korongo lenye kuta nyekundu za mawe ya mchanga, zipitazo mita 200 mahali pengi. Ramani zaliita Canyon de Chelly. Msomaji atadhani Chelly ni mtu, au mji wa Ufaransa. Sivyo. Wenyeji husema Tséyiʼ: tsé ni jiwe au mwamba, na -yiʼ ni "ndani", kazi yake ikilingana na -ni yetu katika "nyumbani". Basi Tséyiʼ ni "mwambani", nalo ndilo neno lao la kila siku kwa korongo. Wahispania walilisikia, wakaliandika kwa herufi zao, Chelly. Nao wasemao Kiingereza wakalisoma herufi kwa desturi nyingine, wakatamka "Shei". Hivyo jina zima maana yake ni "korongo la korongo", na neno la mwenyeji limefichika humo.

Ndani ya korongo umesimama mnara wa mawe wenye kimo kipatacho mita 230. Huko, wasema wazee, hukaa Bibi Buibui, ambaye aliwafundisha watu kufuma. Watoto wakaidi huambiwa kwamba atawachukua juu, na weupe wa kileleni ni mifupa ya waliotangulia. Kwa jina moja mtoto afundishwa kazi ya mikono, na adabu, na njia ya kwenda nyumbani.

Kaskazini zaidi uko mwamba mwingine wa koo la volkano, Aghaałą́, yaani "sufu nyingi". Wageni wakauita El Capitan, maana yake "Kapteni". Jina la kwanza ni la mchungaji na mwindaji, la pili la askari.

4. Milima minne na mkataba

Tumefika penye jambo kubwa. Wanavajo husema nchi yao imewekwa katikati ya milima minne: mashariki Sisnaajiní, kusini Tsoodził, magharibi Dookʼoʼoosłííd, kaskazini Dibé Nitsaa, yaani kondoo wakubwa. Kila mmoja una rangi yake: mweupe, wa buluu ya feruzi, wa manjano, na mweusi.

Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu 8,000, wakatembea kwa miguu mamia ya kilomita mpaka Bosque Redondo, penye mto Pecos. Huko mazao yaliharibika, maji yalikuwa mabaya, na wengi wakafa. Mwezi wa Mei 1868 alikuja Jenerali Sherman kufanya shauri nao, akawatajia nchi nyingine ya mbali, ambayo sasa ni Oklahoma. Mzee Barboncito akamjibu kwamba tangu kuumbwa kwao walionyeshwa milima minne na mito minne, wakaambiwa wakae humo, wasitoke. Majina ya milima ndiyo yaliyokuwa hati yake. Hakuwa na nyingine.

Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 1 Juni 1868, nao wakarudi. Manuelito, kiongozi mwenzake, alisimulia baadaye kwamba mlima wao ulipoonekana toka Albuquerque, wazee walilia kwa furaha. Lakini mipaka iliandikwa kwa mistari ya wapima nchi, na milima yote minne ikabaki nje. Hata leo iko nje. Walakini jina moja la mwamba lilipenya: mkataba walitaja korongo, likiandikwa "Chilly", na kuagiza kwamba lote liwe ndani ya mipaka. Neno lililosikiwa vibaya likawalindia wenyeji nyumba zao na mashamba yao ya mahindi.

Bendera ya Wanavajo, iliyokubaliwa mwaka 1968, yaonyesha mambo yote mawili kwa pamoja: mipaka ya mwaka 1868, na milima minne kwa rangi zake.

5. Neno kwa walimu

Mapadre Wafransisko walifika St. Michaels, Arizona, mwaka 1898. Mwaka 1910 walichapa kamusi ya Kinavajo iliyochanganya maneno na desturi katika kitabu kimoja, kwa sababu waliona kwamba neno bila desturi yake ni ganda bila punje. Mmoja wao, Padre Berard Haile, aliendelea na kazi hiyo zaidi ya miaka 50.

Kwa hiyo yatupasa, tunapoandika jina la mlima au jiwe katika wilaya zetu, tusitosheke na sauti yake. Tuulize neno lagawanyika vipi, nani ana haki ya kulieleza, na kwa majira gani. Tukijibiwa kwa ufupi, tusiandike kwamba hawajui. Turudi wakati wa baridi.